Dungusi Lililokunywa Maji ya Mtoto

Ninyi mnaolalamika kwamba dungusi lenu la dirishani halitoi ua hata mkilimwagilia kila asubuhi, kaeni niwaeleze. Halikuwa hivyo tangu mwanzo. Ulikuwapo wakati ambapo dungusi lilichanua mwaka mzima, masika na kiangazi. Lilikuwa na miiba yake ile ile, na mwili ule ule mnene usio na majani, lakini kichwani halikukosa ua jekundu. Watu walilitoa milimani, wakalipanda vyunguni, wakaliweka ndani ya nyumba, na jinsi mtu alivyolinywesha ndivyo lilivyochanua. Na mimea ya wakati huo, wanaosimulia husema, ilisikia yote yaliyosemwa ndani ya nyumba.

Katika kijiji cha Isolwa, kwenye nyanda zile kavu, aliishi mwanamke aliyeitwa Kalunde. Aliolewa hapo akitoka mbali, na kwa muda mrefu hakujulikana kwa lolote ila kwa ugeni wake. Kilichompa jina ni dungusi. Lake lilishinda yote ya kijiji kwa wingi wa maua, hata watu waliokwenda zao kisimani walikuwa wakisimama dirishani kulitazama. Mama mkwe wake, Mbuke, ambaye mwanzoni hakumpenda sana, alianza kuwaambia wenzake, "Mkamwana wangu ana mkono mwema." Kalunde aliyasikia maneno hayo akiwa jikoni, na toka siku ile akalitunza dungusi kama mtu anayetunza heshima yake.

Ukaja mwaka ambao masika hayakunyesha. Kisima kikashuka, kikawa cha kuchotwa kwa kusubiri: watu hupanga foleni tangu alfajiri, na anayepata mtungi mmoja hurudi nyumbani akishukuru. Ng'ombe wakakonda. Madungusi ya nyumba nyingine yakapunguziwa maji, na maua yake yakapungua. La Kalunde halikupungua, kwa sababu mwaka huo huo wifi yake, Limi, alikuwa anaolewa, na Mbuke alikwisha kuwaambia wakwe watarajiwa, "Mtakuja kuona nyumba inayong'ara kwa maua wakati nchi nzima imekauka." Kalunde hakutaka kauli ya mama mkwe wake ianguke. Alijinyima kuoga. Alipika ugali kwa maji machache hadi ukawa mgumu kumezwa. Lakini dungusi lilikunywa.

Siku ya kuamkia harusi, jua likiwa utosini, Mbuke alikuwa chumba cha ndani akipepeta mtama. Kalunde alikuwa amemaliza tu kumimina kata nzima ya maji kwenye chungu cha dungusi aliposikia sauti mlangoni.

"Hodi wenyewe."

"Karibu."

Aliingia mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye kope, mtoto mchanga wa kike mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, na kilio chake hakikuwa kilio tena, ilikuwa pumzi tu.

"Mama, nimetoka mbali," alisema yule mwanamke. "Maziwa yamenikauka njiani. Naomba maji ya mtoto, hata ya kulowesha ulimi."

Kalunde alijua mtungi una maji. Alijua pia ni ya jioni ya dungusi na ya asubuhi ya harusi, na kwamba hakuna mengine mpaka foleni ya kesho. Akajibu kabla hajafikiri, "Dada yangu, ungekuja jana. Mtungi umekauka kabisa."

Mgeni hakusema kitu. Na katika kimya kile yakasikika maji. Yalikuwa yanavuja kutoka tundu la chini la chungu cha dungusi, yakidondoka sakafuni tone kwa tone, na udongo pale chini ulikuwa umekwisha kuwa tope. Yule mwanamke alilitazama tope. Akayatazama maua. Kisha akamtazama Kalunde, si kwa hasira, bali kama mtu anayehakikisha kwamba ameona sawasawa.

"Ahsante, mama," akasema, akatoka.

Kalunde alibaki amesimama na kata mkononi. Uso ulimwaka kana kwamba ameinamia moto. Alitamani yule mwanamke angemtukana, apate la kujibu. Tone likadondoka tena. Hapo akautwaa mtungi, akatoka mbio bila kujifunga vizuri kanga yake, akifuata nyayo zilizoburuzwa vumbini.

Aliwakuta nyumba ya pili, kwa Bibi Holo, mjane ambaye hata nguvu za kusimama foleni hakuwa nazo; maji yake huletewa na majirani kwa huruma. Mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake, amekwisha kunywa, macho yamefunguka. Kibuyu cha Bibi Holo kilikuwa kimelazwa chini, kitupu.

"Nimeleta maji," alisema Kalunde, akihema.

"Mtoto ameshiba," alisema yule mwanamke kwa upole. "Mpe huyu aliyetoa ya kwake."

Kalunde akapiga magoti, akamimina maji yote katika kibuyu cha mjane. Bibi Holo, ambaye hakujua kilichotokea, alifurahi mno. "Umefanya vyema kumfuata mgeni wenu," alisema. "Huyu ni Nkwimba, dada yake bwana harusi. Anakuja kwenu kesho na ndugu zake, ila yeye ametokea kule alikoolewa, peke yake na mtoto."

Wazo la kwanza lililomjia Kalunde lilikuwa hili: laiti ningejua ni nani, ningempa. Na mara tu alipoliwaza, akajisikia vibaya kuliko alivyojisikia pale mlangoni, kwa maana alijua ni kweli. Angempa mkwe. Mpita njia hakumpa.

"Hatukujuana," alisema Nkwimba, akimweka mtoto begani.

Kalunde aliporudi nyumbani, maua yote ya dungusi yalikuwa yamejifunga. Hayakunyauka wala kuanguka. Yalikuwa yamejikunja na kuinama, kila moja, kama nyuso zilizofunikwa kwa viganja. Asubuhi ya harusi yalikuwa vivyo hivyo. Wakwe walipoingia, macho yao yalikwenda moja kwa moja dirishani, na Mbuke, ambaye alikwisha kujisifu, alikosa pa kuangalia.

"Mbona mwaliko ulikuwa wa maua?" aliuliza mjomba mmoja, akicheka.

Kalunde alikuwa anapita na sinia la chakula. Akasimama. Nkwimba akawahi kujibu, "Limechoka na jua, mjomba. Hata sisi tumechoka. Tule kwanza." Watu wakacheka, mazungumzo yakaenda kwingine. Kalunde aliliweka sinia chini, akatoka uani, akalia amejifunika kanga usoni. Kusitiriwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimkosea kulimuuma kuliko ambavyo aibu ya hadharani ingemuuma.

Wageni walipoondoka, alilibeba dungusi akalipeleka ghalani, nyuma ya vihenge vya nafaka, mahali penye baridi na mwanga mdogo. Hakulifanya hivyo kwa kuliadhibu. Hakuweza tu kulitazama, nalo, wasemavyo, halikuweza kutazamwa. Kila aliposhika kata ili alinyweshe, alisikia tena tone likidondoka, na mkono wake ukarudi. Maji ya dungusi akawa anayaweka mlangoni katika mtungi mdogo, kwa yeyote apitaye. Hakumwambia mtu sababu.

Kipupwe kikaingia na upepo wake wa baridi. Dungusi likakunjamana, likapoteza unene wake, likawa na mikunjo kama ngozi ya mzee. Maua yaliyojifunga yakakauka, yakaanguka. Siku moja Mbuke aliingia ghalani kuchota mtama, akaliona.

"Hili si limekufa? Kwa nini hulitupi?"

"Halijafa, mama. Liache."

"Basi lipe maji."

"Siwezi." Na kwa kuwa alikuwa amechoka kulibeba jambo lile peke yake, Kalunde akasema, "Lilikunywa maji ya mtoto wa Nkwimba, mama. Siku ile aliomba, nikamwambia hakuna. Mimi ndiye niliyelinywesha."

Mbuke hakukemea. Aliuweka ungo chini, akakaa juu ya gunia. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilisikia hodi. Nilikuwa chumba cha ndani, nikasikia anaomba, nikakusikia ukijibu. Nikanyamaza, kwa sababu nami niliyataka yale maua."

Wanawake wale wawili wakakaa pale ghalani bila kuangaliana. Toka siku hiyo walikuwa wakijaza mtungi wa mlangoni kwa zamu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Mbuke ndiye aliyelitoa dungusi, akalirudisha dirishani. Kalunde aliteka maji ya mvua kwa kata, akalimwagia kidogo. Likanywa. Mikunjo ikaanza kunyooka. Baada ya siku kadhaa, ubavuni mwake, mahali ambapo halikuwahi kutoa ua, kikajitokeza kitu kidogo chenye manyoya, kama ncha ya kidole cha mtoto. Kilikua polepole. Asubuhi kilipofunguka kilikuwa ua moja tu, jekundu kuliko yote yaliyotangulia. Kalunde hakumwita jirani kuja kuliona, wala Mbuke hakumtangazia mtu. Walilitazama kimya, na kabla ya siku nyingi kupita likajifunga tena, nao wakaliacha lipumzike.

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Ukilinywesha dungusi la ndani mwaka mzima, litanenepa na kuwa kijani, lakini ua hutaliona, kwa kuwa halithubutu. Liweke mahali pa baridi wakati wa kipupwe, ulinyime maji karibu kabisa, ulivumilie likikunjamana. Joto likirudi, lipe maji kidogo kidogo, usiliharakishe. Katika nchi ile ya Kalunde, mgeni akibisha hodi huletewa maji kwanza, na jina lake huulizwa akishakunywa. Nalo dungusi kila mwaka hulipa kwanza deni la kiu ya mtoto yule, likishamaliza ndipo hufumbua uso.