Mate Kwenye Kifungo

Tulieni, niwape kisa ambacho kila nikikisimulia kinanichemsha damu, na sijampata bado mtu wa kunipa jibu la kuniridhisha.

Palikuwa na wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nyemo alikuwa king'ang'anizi: akishika jambo, haliachi mpaka alione mwisho wake. Bi Zamoyoni, muuza mitumba, alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Nguo ikishapita mikononi mwake, miaka baadaye atakwambia ilichanika wapi na nani aliichukua. Na Bi Subilaga, mtaalamu wa maabara, aliona wasichokiona wengine. Tone la mate lililokauka lilimtosha kukwambia ni la nani kati ya watu wote wa dunia.

Walikutanishwa na Ndahani, kaka yake Nyemo, fundi cherehani katika soko la mji mdogo wa Ugogo. Alikuwa mpole, mcheshi, na alikuwa ameoa juzijuzi tu.

Asubuhi moja mzee Chilewa, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, alikutwa dukani kwake amekabwa shingo, amekufa. Polisi walichukua mabaki ya mate waliyoyaona, wakayapeleka maabara kupima vinasaba, ile alama ambayo kila mtu huzaliwa nayo katika damu na mate yake. Kisha wakawataka wanaume wote wa soko wapanguswe ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, wapate kulinganisha. Wengine walinung'unika. Ndahani alikwenda mbele kabisa ya foleni, akafungua kinywa, akamtania askari kwamba amwie radhi, amekula kitunguu. Hakuwa na la kuficha. Yeye mzee Chilewa hakumjua, alilijua bango la duka lake tu.

Majibu yalipotoka walimkamata akiwa anapinda suruali ya mteja.

Mahakamani, wakili wa serikali alimuuliza Bi Subilaga, "Vinasaba vilivyokutwa kwenye mwili wa marehemu ni vya nani?"

"Ni vya mshtakiwa," akajibu. "Uwezekano wa kuwa vya mtu mwingine ni mmoja katika mamilioni ya mamilioni."

"Asante. Sina swali zaidi."

Wakili wa Ndahani, ambaye walionana kwa mara ya kwanza mlangoni mwa mahakama, alisimama akasema naye hana swali. Ndahani alipopewa nafasi alisema kweli tupu: simjui mzee huyu, sijapata kumgusa. Jaji akasema huyu ni mwongo, mate yake mwenyewe yamemsuta. Akahukumiwa kunyongwa.

Hapo ndipo ninapochemka. Kipimo hakikukosea, mate yalikuwa ya Ndahani kweli. Lakini katika ukumbi ule mzima, wenye majoho na wasio na majoho, hakuna aliyeuliza yalifikaje pale. Waliuliza mate ni ya nani, wakajijibu nani kaua, kana kwamba ni swali moja. Kwa uvivu huo wakamfungia mtu mlango wa uhai.

Lakini kilichomchoma Ndahani kuliko hukumu ni siku Nyemo alipokuja gerezani. Huyu ni mdogo wake aliyemlea baada ya baba yao kufa, akamshonea kila sare ya shule aliyoivaa. Nyemo alikaa, akainamisha kichwa.

"Kaka, niambie ukweli. Mimi sitakuacha, nitakuombea."

"Ukweli upi?"

"Kipimo hakisemi uongo, kaka."

Ndahani alimtazama, akainuka, akarudi ndani kabla saa ya wageni haijaisha. Siku zile, mtu pekee aliyebaki upande wake bila swali alikuwa mkewe, Sechelela, na Sechelela hakuwa na cha kufanya ila kulia na kungoja.

Nyemo aliondoka na lile jicho la kaka yake. Halikuwa la mtu aliyefumaniwa, lilikuwa la mtu aliyetukanwa na nduguye. Likamtafuna. Akaanza kuzunguka ofisi za mawakili. Walimwambia kesi ya vinasaba haina rufaa ya maana, mmoja akamcheka usoni. Hakuchoka, mpaka akapatikana aliyekubali, nadhani ili apumzike na usumbufu wake. Nyemo alikuwa na swali moja: mate yalikutwa wapi hasa? Kila palipoandikwa palisema "kwenye mwili wa marehemu". Polisi walimwambia asiwasumbue. Akawasumbua. Wakamfukuza, akarudi, tena na tena, hadi jibu likawatoka. Mate hayakuwa mwilini. Yalikuwa kwenye kifungo cha juu cha shati.

Alipompelekea Ndahani habari hiyo, fundi alijigusa mdomo kwa kidole.

"Nyemo," akasema, "mimi uzi naulowesha mdomoni kabla ya kuutia kwenye sindano."

"Najua, kaka."

"Nimeshona vifungo vya nusu ya mji huu. Wangeniuliza hilo tu."

"Na mimi sikukuuliza," Nyemo akasema. Wakalia wote wawili, kila mtu upande wake wa meza.

Ikabaki kuthibitisha kwamba shati lile liliwahi kupita kwa Ndahani. Mjane wa mzee Chilewa, ambaye naye alitaka muuaji wa kweli, alisema mumewe alilinunua mtumba kwa Bi Zamoyoni, na siku aliyouawa ndiyo aliyolivaa kwa mara ya kwanza. Nyemo akaenda kwa Bi Zamoyoni.

Yule mama alijua kila kitu. Lilikuwa shati la buluu la mistari, lilikuja bila kifungo cha juu, akampelekea Ndahani akalitia, kisha akamuuzia mzee. Hata maiti ilipotolewa dukani alilitambua. Na aliposikia habari ya mate, moyo ulimwambia ni kifungo kile. Akanyamaza.

"Umemwacha anyongwe?" Nyemo aliuliza.

"Nina watoto, mwanangu. Hapa shahidi anakamatwa kwanza, anaulizwa baadaye. Ningesema shati ni langu, ningeunganishwa naye."

Nyemo hakumtukana. Alikuja kila siku akaketi kati ya marobota ya nguo, hasemi neno, mpaka Bi Zamoyoni akavaa kanga yake safi, akasema, "Haya, twende." Alichokiogopa kikampata. Walimweka mahabusu, wakamwambia amehongwa, wakamtaka abadili maneno. Hakubadili hata moja.

Lakini serikali ikasema, neno la muuza mitumba litashindana vipi na sayansi? Rufaa ilikuwa inaelekea kufa. Ndipo Bi Subilaga aliposikia habari ya kifungo. Aliomba apime upya, wakubwa wake wakakataa: ukifungua hii, utafungua kesi ngapi? Akawaacha, akaenda mwenyewe kwa wakili wa rufaa ya Ndahani, na mahakama ikaamuru shati lipimwe tena. Alifumua uzi wa kifungo. Mate yalikuwa ndani ya uzi wenyewe, chini ya kifungo, mahali ambapo mkono wa mkabaji haufiki. Kwenye kola, palipokamatwa kwa nguvu, mara ya kwanza hakuna aliyeagiza papimwe. Safari hii palipimwa, na pakakutwa vinasaba vya mtu mwingine kabisa.

Alisimama kizimbani akasema, "Kipimo changu kinaonyesha mate ni ya nani. Hakionyeshi yamefikaje wala yamefika lini. Nililijua hilo tangu kesi ya kwanza. Nilingoja niulizwe. Sikuulizwa, nikashuka hapa, nikaenda kula chakula cha mchana."

Kazi yake iliishia siku ile.

Ndahani akaachiwa. Hakuna aliyemwambia pole. Wakili wa serikali wa kesi ya kwanza alikwishapandishwa cheo, na aliyemkaba mzee Chilewa hajakamatwa hadi leo.

Mwaka haujaisha, Sechelela akajifungua mtoto wa kike. Mama yake Ndahani akasema ni haki mtoto apewe jina la aliyemtoa baba yake kwenye kitanzi. Nyumba nzima ikakubali, na hapohapo ikagawanyika.

Majirani walisema Nyemo, maana bila yeye lile swali lisingeulizwa. Wenzake wa sokoni wakasema Bi Zamoyoni, aliyejitia mikononi mwa polisi huku ana watoto. Swali bila shahidi lingefaa nini? Wakili wa rufaa akasema Bi Subilaga, kwa sababu mahakama isingemwamini yeyote mwingine, naye ndiye aliyepoteza kazi. Ndahani aliwasikiliza wote. Kila jina lilipotajwa alishukuru, na kila jina lilipotajwa alisikia uchungu: huyu aliniona muuaji, huyu alinyamaza nikihukumiwa, huyu ndiye aliyetamka maneno yaliyonifunga.

Sechelela ndiye aliyewakatiza.

"Mnagombania tuzo," alisema, mtoto yuko kifuani. "Mume wangu alikuwa wake mwenyewe, wakamchukua bila kosa. Watatu hawa wangeweza kuzuia asichukuliwe, wakazuia asiuawe tu. Mimi nimpe mwanangu jina la nani hapo? Kurudishiwa kilicho chako, nalo ni la kulipia?"

Wifi yake, Nyemo, alikuwa ameketi mlangoni, akasikia yote, hakujitetea.

Sasa jibu nawadai ninyi. Mtoto yupo, ameanza kukaa, wanamwita "mtoto" tu. Aitwe Nyemo, Zamoyoni au Subilaga? Au Sechelela ana haki, hakuna anayestahili? Kama wewe ndiye Ndahani, wote wanakutazama, ungetamka jina gani?