Mlango wa Pili wa Nguchiro

"Jamani, hadithi iko mlangoni."

"Ikaribie ndani!"

"Ipite mlango gani?"

"Wowote, mradi itufikie!"

Hapo zamani za kale, nguchiro wengi waliishi pamoja ndani ya kichuguu kikubwa. Walikuwa na mpango wa kazi. Wapo waliochimba, wapo waliowinda, wapo waliobaki na watoto. Mlangoni alikaa mlinzi mmoja, Mbaruku, kwa sababu mlango wenyewe ulikuwa mmoja.

Kila asubuhi walikaa baraza mbele ya mlango huo. Mkubwa wao, Mzee Magoda, aliuliza, "Jana ilikuwaje?" Wachimbaji walieleza walichochimba jana. Wawindaji walieleza walichokamata jana. Walezi walieleza watoto walivyolala jana. Kisha wakatawanyika.

Ya kesho hayakuulizwa. Huo ulikuwa mwiko. Anayetaja baya kabla halijafika, walisema, analiita. Ni uchuro.

Msimlaumu Mzee Magoda haraka. Alipokuwa kijana, mmoja wao alipiga kelele kwamba moto unakuja. Wote wakakimbilia uwandani, na tai wakawaokota watoto mmoja mmoja. Moto haukuja. Tangu siku hiyo Mzee Magoda aliogopa maneno kuliko moto.

Sasa, katika chumba cha ndani kabisa, Bi Mchiwa alikuwa amejifungua watoto watatu. Macho yao yalikuwa bado hayajafunguka. Siku moja akiwanyonyesha, donge la udongo liliporomoka likaziba njia ya kutokea. Wachimbaji wakaliondoa, wakacheka, wakaenda zao.

Bi Mchiwa hakucheka.

Asubuhi iliyofuata akauliza barazani: kukiwa maji yameingia kwa mlango ule, walezi watatokea wapi na watoto? Mzee Magoda akamjibu kwamba maji hayajawahi kufika pale. Mbaruku, ambaye alikuwa mdogo wa mumewe, akamtania.

"Shemeji, leo umelala na bundi?"

Baraza zima likacheka.

Asubuhi ya pili akauliza: na kukiwa nyoka ameingia? Akaambiwa mlinzi yupo. Mbaruku akataka kujua kama bundi ni yule yule, au safari hii amekuja na mkewe.

Asubuhi ya tatu akauliza: na kukiwa ni jambo tusilolijua jina? Hapo hakuna aliyecheka.

"Unaona nini, Bi Mchiwa?" akauliza Mzee Magoda.

"Sioni kitu, Mzee. Nauliza kwa sababu sioni."

"Basi usituletee uchuro."

Akaamua kwamba hakuna mchimbaji atakayepoteza nguvu zake kwa mlango wa pili. Bi Mchiwa akiutaka, achimbe mwenyewe, baada ya kazi.

Akachimba. Alianzia chumba cha watoto, akaelekea nyuma ya kichuguu. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali. Siku ya kwanza alipata urefu wa kiganja kimoja. Siku ya pili kiganja kimoja. Siku ya tatu ukucha uling'oka, akapata nusu ya kiganja. Kila siku watoto walikuwa wazito zaidi, na kila siku aliwatazama, akarudi kuchimba.

Siku ya tisa mvua ilinyesha asubuhi, kukabaki mawingu. Wawindaji na wachimbaji walikuwa mbali. Mlangoni, Mbaruku akasikia nyenje wamenyamaza. Kisha panzi wakampita, wote upande mmoja. Kisha nyasi zenyewe zikawa nyeusi, zikaanza kusogea.

"Siafu," akasema.

Akakimbilia ndani kuwaambia wenzake. Alipogeuka, mlango haukuonekana tena. Humo ndani walikuwemo Mzee Magoda, Bi Mchiwa, walezi wawili na watoto kumi na mmoja. Njia ilikuwa moja, na njia hiyo ilikuwa inawajia.

Wakarudi nyuma, chumba kwa chumba, mpaka cha mwisho. Mbaruku alikuwa wa nyuma, akiwaponda siafu kwa miguu, jicho moja limeshang'atwa. Bi Mchiwa tayari alikuwa tunduni mwake, anachimba.

"Bado kiasi gani?" akauliza Mzee Magoda.

"Sijui, Mzee."

Mzee Magoda akajibana kando yake, akachimba. Kucha zake za uzeeni zikavunjika. Udongo ukaanguka. Giza. Udongo ukaanguka tena. Giza. Mara ya tatu ukaingia mwanga mwembamba kama uzi.

Wakapanua tundu. Walezi wakatoka, mmoja baada ya mwingine, wakipokezana watoto. Mbaruku akawafuata, na mtoto mdomoni. Bi Mchiwa akamtoa mwanawe wa kwanza. Akarudi, akamtoa wa pili. Alipomweka chini nyasini, akamsikia wa tatu akilia kule ndani.

Kisha hakumsikia.

Akarukia tundu, lakini tundu lilikuwa limejaa. Mzee Magoda alikuwa anatoka, kichwa mbele, siafu wamemning'inia usoni kama ndevu. Mdomoni alikuwa amembeba mtoto. Wakawagaragaza wote wawili mchangani mpaka siafu wakabanduka.

Mtoto akalia. Bi Mchiwa akakaa chini. Akamnyonyesha.

Siafu walipoondoka, nguchiro wakarudi. Asubuhi wakakaa baraza. Mzee Magoda akauliza jana ilikuwaje, wakamweleza. Kisha wote wakabaki wamekaa, hakuna aliyeinuka.

"Niliogopa kelele," akasema Mzee Magoda, "nikakataza hata swali."

Mbaruku akageuza uso, ili amwone Bi Mchiwa kwa jicho lililobaki.

"Shemeji, bundi wako leo anasemaje?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mchiwa akafikiri.

"Anauliza, kukiwa milango yote miwili imezibwa, je?"

Mzee Magoda akawatazama wachimbaji. Wachimbaji wakainuka.

Tangu siku hiyo baraza la nguchiro lina maswali mawili. Kwanza, jana ilikuwaje? Pili, kukiwaje? Na la pili, wa kwanza kulijibu ni mnyonge kuliko wote, kwa sababu ndiye hukwama mapema.

Funzo lake ni hili. Wanaofanya kazi pamoja, wakiulizana ya jana tu, ya kesho huwakuta wamekaa. Anayeuliza "kukiwaje" haombi baya lije. Anatafuta pa kupita. Tumsikilize mapema, na tumpe wa kuchimba naye.

Hadithi yangu iliingia kwa mlango mmoja, sasa inatokea kwa mwingine. Mliobaki ndani, anzeni wa tatu.