Nguchiro Aja Kushukuru

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakiajiriana na kufukuzana kama sisi, Chui alitafuta mpishi. Kaeni vizuri, watoto, na wewe wa nyuma acha kutafuna, hadithi yenyewe ni ya jikoni.

Waliokwenda kufanyiwa usaili walikuwa watatu: Nyani, Fisi na Nguchiro. Nguchiro, yule mdogo mwenye mkia mrefu, ndiye aliyeitaka kazi kuliko wote, maana kiangazi kilikuwa kikali na wanawe walikuwa wakilala na njaa. Alipika mchuzi hadi mke wa Chui akalamba vidole. Lakini kazi akapewa Fisi. Chui alisema masufuria yake ni makubwa, na Fisi ana mabega.

Nyani aliposikia amekosa, alipanda mti akautukana ukoo mzima wa Chui, na hakuonekana tena pale. Nguchiro naye aliumia, tena sana. Alilia njia nzima hadi kwake. Asubuhi akanawa uso, akarudi kwa Chui.

"Shikamoo, bwana. Nimekuja kushukuru."

"Marahaba. Unashukuru nini, na kazi nimekunyima?"

"Umeniruhusu nikapika kwako. Na hongera kwa kumpata Fisi. Nilitaka tu kujua, mimi nilipungukiwa na nini?"

"Ukubwa," alisema Chui.

"Ahsante. Nitajitahidi."

Kisha akaomba jambo dogo: aruhusiwe kukaa mlangoni pa jiko, amtazame Fisi akipika, ajifunze. Chui alifurahi mno, akasema hajapata kuona mnyama mwenye adabu kama huyu. Fisi mwenyewe alivimba kichwa, hasa alipoanza kuitwa mwalimu.

Basi nyama ikawekwa motoni, tokota tokota tokota. Chui na wageni wake walikuwa ukumbini, ukuta mmoja tu kutoka jikoni. Mnajua mpishi anavyoonja chumvi: anadondosha tone la mchuzi kiganjani, analamba, basi. Fisi alichomoa paja. Mnyaf!

"Mwalimu," aliuliza Nguchiro kwa sauti ya mwanafunzi mwema, yaani ya kusikika hadi ukumbini, "kumbe chumvi inaonjwa kwa paja zima? Sisi wajinga tulikuwa tunadondoshea kiganjani."

Fisi akamwambia ndiyo, wapishi wakubwa ndivyo wanavyoonja. Ukumbini mazungumzo yakapungua.

Mnyaf!

"Na paja la pili, mwalimu, linaonja nini?"

"Pilipili," alijibu Fisi, mdomo umejaa.

"Ahsante. Na hilo ulilobana kwapani?"

Fisi akazidi kulibana. Chui akainuka ukumbini, akaja jikoni, akachungulia sufuria. Aliona mchuzi, vitunguu na mfupa mmoja.

Fisi alifukuzwa papo hapo, akaondoka akitukana kuliko Nyani. Nguchiro alimsindikiza hadi njiani, akamshukuru kwa mafunzo.

Kazi akapewa yeye, na habari za ukubwa hazikutajwa tena. Siku hiyo wanawe walikula wakashiba. Tangu hapo nyama ya Chui ikawa inapungua kidogo kila siku, kidogo sana, kiasi cha kujaa kiganja cha nguchiro, na hakuna aliyegutuka.

Baadaye Chui akataka msaidizi wa jikoni. Kindi aliomba, akaambiwa hafai. Kesho yake akaja amenawa uso, akamshukuru Chui, akamshukuru mke wa Chui, kisha akaja jikoni kuomba akae mlangoni, ajifunze.

Nguchiro aliisifu sana adabu yake, halafu akafunga mlango na kutia komeo.

Nami naishia hapo hapo mlangoni, na funzo ni hili: ukinyimwa kazi, shukuru kwa adabu, ukiipata, mchunge anayekuja kushukuru.