Kwa Nini Neno la Kinuni Halina Kesi

Kaeni vizuri, na mwenye njugu mfukoni agawe, maana habari ya leo ni ya chakula. Mmeuliza kwa nini katika nchi yetu mtu akikusema njiani unaweza kumpeleka barazani, lakini wanawake wakikusema wanapotwanga huna pa kuwapeleka. Msidhani ilikuwa hivyo tangu dunia iumbwe. Watu waliteseka kwanza.

Zamani hizo neno lilikuwa na uzito mmoja popote liliposemwa. Ukimtaja mtemi kwa ubaya, iwe kisimani, shambani au kitandani kwako, wanyampara wake walikuja wakaezua paa la nyumba yako, na jua na mvua vikawa wageni wako. Kuna bwana mmoja alisema tu kwamba njia ya kwenda ikulu ina matope. Na matope yalikuwapo, kwani hao waliokuja kumwezulia walifika wametapakaa hadi magotini. Nyumba ikaezuliwa vilevile.

Habari za nchi zilikuwa na mlango mmoja, nao ni mbiu. Mpiga mbiu aliitwa Mhoja, mtu mwenye sauti tamu na moyo mwepesi, asiyependa kuona watu wakinuna. Kila alichoambiwa na wanyampara alikitangaza, na akikuta kichungu alikitia asali. Mbiu ikiisha kulia, wanawake waliyachukua maneno yake wakayaimba vinuni, maana kutwanga bila wimbo hakuwezekani, na wimbo mwingine haukuruhusiwa. Basi nchi nzima ilitwanga kwa sifa.

Katika uwanja wa ikulu alitwanga mwanamke mmoja, Nyanzobe, na hadithi hii ni yake. Mtemi wa wakati huo, Luhende, alifiwa na mama yake akiwa hajaota hata jino, na ni Nyanzobe aliyemnyonyesha pamoja na mwanawe wa kumzaa. Alimbeba mgongoni huku anatwanga, na mtoto alikuwa halali mpaka asikie mchi ukigonga. Nyanzobe alikuwa akimwimbia hivi:

*Lala mwana wangu lala,*
*mtama u vihengeni.*

Mtoto akakua, akavikwa utemi, akaingia ndani zaidi ya ikulu, na mlangoni pake wakakaa watu. Nyanzobe akabaki uani na kinu chake. Hakunung'unika, kwani mzazi hamdai mtoto. Lakini kila asubuhi alipoinua mchi alijua kwamba mahali fulani nyuma ya zile kuta mwanawe anaamka kwa sauti ile, na hilo lilimtosha.

Sasa, kila nyumba ilikuwa ikipeleka sehemu ya mavuno kwenye kihenge kikuu cha ikulu, iwe akiba ya miezi ya njaa. Mwaka mmoja wanyampara walizembea. Paa la kihenge lilivuja, kila mmoja akadhani mwenzake ataliziba, mtama ukalowa, na fukusi wakaingia. Walipogundua, waliogopa kusema. Wakaezeka nyasi mpya juu, kikapendeza kama nyumba ya bibi harusi, na wakamwambia Mhoja atangaze kwamba kihenge kimejaa pomoni.

Nyanzobe ndiye aliyekuwa akipewa mtama wa kutwanga kutoka humo. Siku hiyo alitia mkono katika kikapu, akabonyeza punje, na punje ikawa vumbi. Akabonyeza nyingine. Akamtazama mkwewe Kwangu, mke wa mwanawe, aliyekuwa akitwanga naye na tumbo lake la miezi mingi. Waliimba tu, "Kihenge kimejaa," kwa sababu mbiu ilikuwa imesema hivyo, huku wakitwanga maganda.

Huenda wangeendelea hivyo, maana mwoga huenda kwao. Lakini wanyampara, wakitafuta la kuziba pengo, wakapeleka shauri kwa mtemi, na mtemi akalikubali. Mbiu ikalia tena. Mhoja akatangaza kwamba mtemi, kwa huruma yake, ataitunza hata mbegu ya watu wake. Kila nyumba ilete mbegu yake ya mtama ikulu, irudishwe masika.

Kwangu alisikia akakaa chini. Kapu lao la mbegu lilikuwa chini ya kitanda chake. Lilikuwa dogo, lakini ndilo lililokuwa shamba la mwaka ujao na uji wa mtoto aliye tumboni. Mbegu ikiingia katika kihenge kile haitoki.

Nyanzobe alikwenda mlangoni kwa mtemi. Wanyampara wakamwambia amepumzika. Akarudi kesho yake, wakamwambia ana wageni. Alipokwenda tena wakamuuliza, "We bibi, paa lako limekuchosha?" Akamwendea Mhoja na konzi ya maganda mkononi, akamwambia, "Mwanangu, sauti yako inafika vijiji vyote. Hebu nenda kachungulie kihenge, kisha utangaze ulichokiona."

Mhoja akayatazama maganda, akatazama kando. "Mama, kazi yangu ni kusema. Kuona si kazi yangu."

Alikwenda zake, na nadhani hakula vizuri siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata Nyanzobe aliinua mchi akiwa na hofu mbili. Ya kwanza ilikuwa paa lake, na hiyo aliiweza. Ya pili ilikuwa kumwaibisha mtoto aliyemlea mbele ya nchi nzima, nayo ilimlemea. Alimpenda. Alitwanga kidogo, kisha akaushika ule wimbo wa zamani na kuugeuza:

*Amka mwana amka,*
*fukusi yu vihengeni.*
*Mwenye mbiu anasifu,*
*hajachungulia ndani.*
*Mbegu zetu tukileta,*
*masika tupande nini?*

Kwangu akapokea. Kinu cha jirani kikapokea. Kabla umande haujakauka wimbo ulikuwa umevuka mto.

Luhende aliusikia. Sauti aliijua kabla ya maneno, na maneno yalipomfikia yalimchoma kuliko ambavyo adui angeweza kumchoma. Wanyampara walitaka nyumba ya Nyanzobe iezuliwe mara moja. Mtemi alikataa, akisema mgongo uliombeba hawezi kuunyeshea mvua. Badala yake alitoa amri kwamba pasiimbwe wimbo wowote katika kinu chochote cha nchi yake. Alijiona amehukumu kwa upole.

Jamani, mliokwisha kutwanga watatu katika kinu kimoja mnajua amri hiyo ilikuwa na nini ndani yake. Wimbo ndio unaosema zamu ni ya nani. Mmoja anainua, wa pili anashusha, wa tatu anachota punje zilizoruka na kuzirudisha kinuni, na mikono yao haigusani kwa sababu wimbo unawaongoza. Uondoe wimbo, na kila mmoja anabaki kukisia. Nchi nzima michi ilianza kugongana. Watu wakala chenga na mawe, na mtemi naye akala.

Siku makapu ya mbegu yalipoanza kuingia ikulu, Kwangu alipeleka mkono kinuni kurudisha punje, na mchi wa mwenzake ukashuka juu ya kidole chake.

Kilio kile kilimtoa Luhende ndani. Hakuwa amekanyaga ua huo tangu alipovikwa utemi. Alimkuta Nyanzobe amepiga magoti, anafunga kidole cha mkwewe kwa kipande alichokichana nguoni mwake, na wanawake wote wamesimama na michi yao.

"Nini kimetokea?" akauliza.

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza. Semeni."

Walimtazama. Mtu aliyezoea kuombwa akajikuta anaomba. Akachuchumaa karibu na Nyanzobe, akamwita kama alivyomwita utotoni, "Mayu. Mama. Niambie."

Nyanzobe alimaliza kwanza kufunga kidole. Kisha akachukua mchi uliokuwa umeanguka, akampa. "Umetufunga kinywa, mtemi. Twanga mwenyewe."

Luhende akatwanga. Vumbi likapaa likamwingia machoni, na mchi ukagonga sakafu ya kinu, ngo, ngo, kwa kuwa kati yake na ule mti hapakuwa na chakula. Akatia mkono kikapuni. Akabonyeza punje moja, akabonyeza nyingine. Watu waliokuwa na makapu ya mbegu vichwani walisimama langoni wakimtazama, na Mhoja alikuwa miongoni mwao na pembe yake ya mbiu begani.

"Kwa nini hukuniambia pembeni, mayu?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa.

"Nilikuja pembeni, mlango wako ukanifukuza. Na hata ningefika, baba, ungejua wewe peke yako. Mtama ni wa hawa. Wao wangejulia wapi?"

Mtemi alilia. Alilia mbele ya watu, na ajabu ni kwamba hakuna aliyemdharau. Alipopata sauti akasema makapu yote yarudi makwao. Akataka pia kutangaza kwamba kuanzia sasa anampa Nyanzobe ruhusa ya kuimba atakacho. Nyanzobe akatikisa kichwa.

"Usinipe, mwanangu. Ukinipa wewe, ajaye baada yako atanipokonya. Sema tu kwamba wimbo haukuwa wako kuuzuia."

Kwa Luhende neno hilo lilikuwa gumu kuliko machozi. Hata hivyo akalisema, na akamtaka Mhoja alitangaze. Mhoja hakupuliza pembe. Aliiweka chini, akaenda kwenye kihenge, akapanda ngazi, akaingiza kichwa chini ya zile nyasi mpya. Aliposhuka alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kope. Ndipo akapuliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatangaza jambo baya bila kulitia asali. Alipomaliza, Nyanzobe alimpangusa uso kwa upande wa nguo yake.

Njaa ya mwaka ule ilikuja, sitawadanganya. Watu walikunywa uji mwepesi, na mtemi aliunywa mwepesi vilevile. Lakini masika yalipofika kila nyumba ilikuwa na cha kupanda. Kwangu alijifungua mtoto wa kike, akambeba mgongoni, akarudi kinuni na kidole chake kilichopinda, na mtama ulipovunwa alikuwa wa kwanza kuimba. Aliimba kwamba mtemi ni mtu mwema ila hajui kushika mchi.

Na tangu siku hiyo neno la kinuni halina kesi. Mtemi mpya, kabla hajakalia kiti, hupelekwa uani akashikishwa mchi, na wanawake humwimbia makosa ya aliyemtangulia, na yake pia kama wanayajua, nao huyajua. Mpiga mbiu akimaliza kutangaza haondoki. Hubaki amesimama, pembe ikiwa chini, mpaka wajibu wale aliowatangazia. Na mkubwa yeyote akipita karibu na kinu akasikia anatajwa, hapigi kelele wala haharakishi. Husimama hapo njiani, juani kama ni jua, mpaka wimbo uishe.