Ukoko wa Bi Raya na Wageni Ishirini na Tisa

Hapo zamani, andaeni vidole vyenu maana tutahesabu, palikuwa na mpishi wa harusi aliyeitwa Bi Raya.

Kijijini kwake wanaume walioalikwa harusini walikula kwa masinia, na kila sinia lilikaliwa na idadi ileile ya watu. Wakizidi hapa au wakipungua pale, waliobanana walinuna mwaka mzima. Kula peke yako ilikuwa ni kutukanwa, na sinia la kuwatosha wote lilikuwa bado halijafuliwa na mhunzi yeyote. Ukoko, ile pilau iliyogandia chini ya chungu, nao ulikuwa na mwenyewe. Mpishi aliutoa mzima, bila kuukata, akampa mtu mmoja aliyeiokoa shughuli.

Siku hiyo wageni walikuwa ishirini na tisa. Bi Raya alifunua chungu, iliki ikanukia mpaka barabarani. Alijua kwamba pilau ikiliwa baridi, harusi ijayo ataitwa mpishi mwenzake, Bi Mgeni, ambaye tayari alikuwa amekaa pale jikoni akiuliza, kwa upole mno, kama moto ulitosha.

Msimamizi, Mzee Makame, akawaketisha wageni wawili wawili. Akabaki mmoja, amesimama, ameshanawa mikono, inachuruzika maji. Akawainua wote, akawaketisha watatu watatu. Wakabaki wawili. Akawainua, wanne wanne. Akabaki mmoja, yuleyule. Akawainua, watano watano. Wakabaki wanne, na hao walianza kunung'unika.

"Inukeni," akasema Mzee Makame. "Sita sita."

"Mzee wangu, waache wakae," akasema Mwalimu Faki, aliyefundisha hesabu darasa la tano. "Mbili ilipokataa, nne ulijisumbua bure. Sita nayo itakataa, maana ndani yake mna mbili. Na ukiketisha saba au zaidi, masinia hayatafika matano. Yatakuwa mawili, matatu au manne, na namba hizo zote tumeziona zikikataa. Ishirini na tisa ni namba tasa. Haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Sasa tutakula vipi?"

"Hilo sikuulizwa," akasema Mwalimu Faki.

Bi Raya akagusa ubavu wa chungu. Joto lilikuwa linapungua. Akatoka mbio hadi barabarani kutafuta mtu wa thelathini, akamkuta Shaame, muuza mikeka, anatembea polepole huku ameshika tumbo.

"Dada yangu, leo nimepita harusi mbili," Shaame akamwambia. "Nikiongeza tonge moja, nitapasuka."

"Basi pasukia kwangu," Bi Raya akamjibu, akamvuta kwa mkono.

Huku nyuma Mzee Kombo, mmoja wa wageni, naye alikuwa akifikiri. Huyu aliipenda pilau kuliko wote, na tangu alfajiri alikuwa hajatia kitu tumboni, kusudi aiachie nafasi. Akaona kwamba mmoja akiondoka watabaki ishirini na wanane, nao watakaa vizuri, saba saba kwa masinia manne. Akameza mate, akavaa viatu, akapitia mlango wa uani bila kumwambia mtu.

Bi Raya akaingia na Shaame wake, uso umekunjuka. Mzee Makame akahesabu. Ishirini na tisa. Akahesabu tena. Ishirini na tisa. Bi Mgeni alicheka mpaka akashika nguzo.

Bi Raya alipoambiwa anayekosekana ni Mzee Kombo, akamfuata njiani, akamrudisha kama mtoto aliyetoroka chuo cha Kurani. Thelathini! Wakakaa watano watano, masinia sita, pilau ikaliwa ingali ya moto. Bi Mgeni akaaga mapema.

Ndipo Bi Raya akatoka na ukoko juu ya mfuniko, mwekundu, mzima.

"Bila mimi," akasema Mwalimu Faki, "Mzee Makame angekuwa anawainua watu mpaka sasa."

"Wewe ulisema, ukakaa," akasema Mzee Kombo. "Mimi niliiacha pilau, na njaa yangu mnaijua."

Shaame alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka wake mwenyewe, hawezi kuinuka. "Nyinyi nyote mmekula kwa njaa," akasema. "Mimi nimekula kwa huruma. Nifungieni, nitampelekea mke wangu."

Bi Raya akawatazama mmoja mmoja, mfuniko mkononi. Je, nyinyi mnaosikiliza, mngempa nani ukoko ule?