Neno Alilolimeza Kasuku

Paukwa. Pakawa. Masikio yapo? Yapo. Basi sogeeni, na wewe mwenye kikohozi njoo ukae karibu nami.

Hapo zamani za kale ndege walitawaliwa na Mfalme Tai. Tai alimwoa Kanga. Ndege wakubwa walinuna, maana Kanga alikuwa akicheza ngoma sokoni ili atupiwe mtama.

"Mcheza ngoma atuamuru sisi?" walisema.

Siku moja wakafanya fujo, wakavunja viota vya ikulu. Tai akakunjua mabawa ili akimbie. Kanga akamwambia, "Mume wangu, wewe unaweza kuruka mbali, nenda. Mimi ni malkia, nabaki hapa hapa."

Tai akaona haya, akabaki. Ndege walipoona wawili hao hawatoki, fujo zikaisha. Tangu siku hiyo kila sheria waliitunga wawili.

Kanga akafa. Tai naye akafa. Maneno yao yakabaki kinywani mwa Kasuku, karani wa baraza. Barazani Kasuku alimsifu Tai. Pangoni mwa mti alimtukana Kanga, yule yule aliyemlisha alipokuwa kinda. Mnaona roho hiyo?

Sasa Njiwa alifiwa na mume. Alikuwa na makinda mawili, hata manyoya hayajaota. Akaja shemeji yake, Tetere.

"Shemeji, toka. Kiota hiki ni cha kaka yangu."

"Na hawa niwalaze wapi, shemeji? Sheria ya wajane inanilinda."

"Twende kwa Kasuku tukaisikie hiyo sheria."

Kumbe Tetere alikwisha kumpelekea Kasuku papai bivu. Mbele ya baraza Kasuku akasema, "Sheria hiyo siijui. Yule mcheza ngoma hakuacha kitu. Mema yote ni ya Tai."

Lakini Njiwa alijua jambo moja: ulimi wa kasuku ukianzishiwa maneno uliyoyasikia, haukomi mpaka uyamalize.

Akauliza, "Mzee Kasuku, mfalme alitamkaje sheria ya wajane?"

"Hakutamka."

Akauliza mara ya pili. "Alianzaje kusema?"

"Alisema, mimi Tai nimeamua."

"Hiyo ni sauti yako, mzee, tena inanukia papai." Ndege wakacheka.

Mara ya tatu Njiwa akaanza mwenyewe, "Mimi na mke wangu..."

Kasuku akafumba mdomo. Shingo ikamvimba. Mara ikamtoka sauti nzito ya Tai: "Mimi na mke wangu tumeamua. Mjane hafukuzwi kiotani mwake. Neno hili ni la Kanga, mimi nimelikubali tu."

Ulimi haukukoma. Ikafuata sauti ya Kanga: "Na mpeni mtama yule kasuku mdogo. Hajala tangu asubuhi."

Tetere akaondoka bila kuaga. Njiwa akarudi mbio, akawafunika wanawe kwa mabawa.

Kasuku akainamisha kichwa. Tangu hapo hana neno lake mwenyewe. Husema ya wengine tu, na hakuna amwitaye barazani.

Funzo lake ni hili, wanangu: jema likitendwa na wawili, usimtaje mmoja. Na aliyekulisha usimchafulie jina, hata akiwa kaburini.

Hadithi yangu imetua hapa. Atakayeichukua aibebe nzima, asimeze nusu.