Kijiti Kilichosimama Kikombeni

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na kikombe cha moto!
Anakinywa nani?
— Asiyesema!
Basi nyamazeni. Na wewe unayetafuna mahindi huko nyuma, tafuna kimyakimya.

Zamani za kale, huko Ujapani, kwenye milima ya chai, aliishi mjane mmoja, Umeko, na bintiye Chiyo. Umeko alichuma chai. Majani mazuri yalinywewa na wakubwa wa mjini, naye alibakiwa na vijiti. Akavichemsha, wakanywa.

Watu wa huko wanaamini hivi: kijiti cha chai kikisimama wima kikombeni mwako, umepata bahati. Lakini usiseme! Ukisema, bahati inahama. Inakuwa ya sikio la kwanza kusikia.

Umeko alikunywa vijiti miaka saba. Vyote vililala.

Mwaka wa nane, Chiyo akashikwa na homa. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakunywa. Siku ya tatu hakusema. Alfajiri ya siku ya nne kulikuwa na baridi kali, baridi ya kila anayefumbua mdomo kutoa mvuke. Umeko akamimina chai. Akatazama. Kijiti kimesimama!

Akawaza, "Nikinyamaza, bahati ni yangu. Lakini mgonjwa si mimi. Nitamwambia mwanangu."

Kabla hajainuka, mlango ukasogea kidogo. Akamwona jirani yake, bibi Sugi.

"Umeko, umeona nini kikombeni?"

Umeko akatazama mdomo ule. Unasema, na hautoi mvuke. Akanyamaza.

Dirishani ikaja sauti ya Heizo, mumewe, aliyezikwa zamani.

"Mke wangu, umeona nini kikombeni?"

Jamani, alimpenda yule mume! Machozi yakamtoka. Akatazama mdomo wa uso uliokuwa dirishani. Hautoi mvuke. Akanyamaza.

Mara, nyuma yake, sauti aliyoililia siku nzima.

"Mama, umeona nini kikombeni?"

Akageuka kwa furaha. Chiyo ameketi, anatabasamu! Umeko akafumbua mdomo aseme. Ndipo akaona blanketi. Chini ya blanketi, Chiyo bado amelala.

Chiyo wawili. Aliyeketi anacheka, na hatoi mvuke. Aliyelala anatoa mvuke mwembamba kama uzi.

Umeko akampita yule anayecheka. Akalifunika sikio la mgonjwa kwa viganja viwili, akanong'ona, "Mwanangu, kijiti kimesimama."

Kikombeni, kijiti kikazama.

Kile kitu kikaacha kucheka. Kikasema, "Sawa, Umeko. Sasa wewe huna. Nitakuwa mlangoni." Kikatoka.

Chiyo akapona. Siku ya kwanza alisema. Siku ya pili alikunywa. Siku ya tatu alikula akaomba tena.

Lakini kila alfajiri mlango ulisogea kidogo, na kila alfajiri mvuke wa Umeko ulipungua.

"Mama, mbona mvuke wako mdogo?"

"Baridi imepungua, mwanangu."

Uongo! Baridi haikupungua hata kidogo. Mtoto akajua, akaogopa sana.

Mvuke ukawa uzi. Asubuhi moja Umeko hakuinuka. Asubuhi hiyo Chiyo alimimina chai mwenyewe. Akatazama. Kijiti kimesimama!

"Mwanangu, umeona nini kikombeni?" Ni mama, amesimama mlangoni, mzima, mikono wazi.

Chiyo akatazama mdomo wake. Akampa mgongo. Akaenda kwa mama aliyelala, akalifunika sikio lake kwa viganja viwili.

"Mama, kijiti kimesimama."

Umeko akavuta pumzi, akaitoa. Mvuke ukajaa chumba kizima. Nje, kile kitu kikalia kilio kirefu kikishuka mlimani, kikatafuta nyumba nyingine.

Tangu siku ile, kijiti kikisimama, akikiona mama, anamnong'onezea binti; akikiona binti, anamnong'onezea mama. Bahati ilizunguka humo humo mpaka wakazeeka wote wawili.

Ngano yangu imebaki machicha. Funzo lake ni hili: mpe umpendaye bahati yako, lakini kwanza hakikisha ni yeye.

Mimi nami leo nimeona kitu kikombeni mwangu...

Nani huyo kaniuliza nimeona nini? Wewe, huko nyuma. Mahindi uliyamaliza saa ngapi? Hebu sogea karibu na moto, nione mvuke wako.